Etha: jina la mbinguni, mvuke wa sakafuni

*Dawa iliyowawezesha madaktari kupasua bila mgonjwa kupiga mayowe ilifichwa jina kwa makusudi. Leo ndugu zake wako katika vyumba vya upasuaji duniani kote, kila mmoja na jina lake jipya.*

Na Mwandishi Wetu

Alice Mohan alikuwa na miaka 21, na goti lake lilikuwa limeharibika kiasi kwamba madaktari hawakuona njia nyingine ila kuukata mguu. Siku ilipangwa: Jumamosi, Novemba 7, 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, Marekani.

Dawa ya kumlaza ilikuwapo. Mwenye dawa, daktari wa meno aitwaye William Morton, naye alikuwa tayari. Lakini madaktari wa upasuaji waligoma kuitumia mpaka awajibu swali moja: humo ndani ya chombo mna nini?

Morton hakutaka kusema, na sababu yake ilikuwa pesa. Alikuwa ameshaomba hataza ili kila daktari atakayeitumia dawa hiyo amlipe kwanza. Aliiita Letheon, kwa jina la Lethe, mto wa katika ngano za Wagiriki ambao anayekunywa maji yake husahau yote. Alikitia kimiminika chake rangi na manukato ili watu wasikitambue.

Chama cha Madaktari cha Massachusetts kiliwakataza wanachama wake kutumia dawa za siri, na safari hii hawakulegeza. Morton akasalimu amri. Akasema ni etha ya salfa, kitu kilichokuwa kikiuzwa madukani Boston kwa mtu yeyote mwenye senti zake. Alice Mohan akavutishwa mvuke, akalala, na mguu ukakatwa juu ya goti.

Ijumaa ya Oktoba 16

Wiki tatu kabla ya hapo, Morton alikuwa ameingia katika hospitali hiyohiyo akiwa amechelewa. Alikuwa kwa fundi, akimaliziwa chombo chake: tufe la kioo lenye sponji ndani na mdomo wa kuvutia pumzi.

Mgonjwa alikuwa Gilbert Abbott, kijana mwenye uvimbe chini ya taya. Daktari mpasuaji alikuwa John Collins Warren, mzee wa miaka 68 aliyekwisha kuona mengi. Mwaka uliotangulia, mjini humo humo, daktari mwingine wa meno, Horace Wells, alijaribu kuonyesha kwamba gesi ya kuchekesha inazuia maumivu. Mgonjwa wake alilia, na watazamaji wakamzomea Wells mpaka akaondoka.

Safari hii hakuna aliyezomea. Abbott alivuta mvuke kwa dakika chache, akalegea, na Warren akapitisha kisu. Alipozinduka alisema alihisi kama shingo inakwaruzwa. Inasimuliwa kwamba Warren aliwageukia watazamaji akawaambia huu si utapeli.

Ili kuelewa uzito wa siku ile, inabidi kujua upasuaji ulivyokuwa kabla yake. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu au alifungwa kamba. Ujuzi wa daktari ulipimwa kwa kasi ya mkono wake. Mjini London, Robert Liston alisifika kwa kukata mguu kwa dakika zinazohesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Tumbo na kifua havikuguswa ila kwa nadra sana, maana hakuna binadamu ambaye angevumilia.

Habari ilisafiri kwa meli. Desemba 21 mwaka huohuo Liston mwenyewe alimkata mguu mtumishi aitwaye Frederick Churchill katika Hospitali ya Chuo Kikuu, London, mgonjwa akiwa amelazwa kwa etha. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu ile Ijumaa ya Boston.

> Alikitia kimiminika chake rangi na manukato ili watu wasikitambue.

Kuku waliosinzia

Morton hakuivumbua etha. Wala hakuzaliwa karne ambayo ilivumbuliwa.

Mwaka 1540 mtaalamu kijana wa dawa wa Ujerumani, Valerius Cordus, aliandika namna ya kuitengeneza: chukua spiriti ya mvinyo, ichanganye na asidi ya salfa, pasha moto, kisha kinga mvuke unaopoa. Cordus aliiita mafuta matamu ya vitrioli. Katika miaka hiyohiyo tabibu Paracelsus aliandika kwamba kuku hupenda kuila, husinzia, kisha huamka bila madhara.

Hapa ndipo msomaji anaweza kushika kichwa. Kuku waliolala na kuamka walionekana katika karne ya 16, na binadamu wakaendelea kukatwa viungo wakiwa macho kwa miaka 300 zaidi. Si kwamba dawa haikuwapo. Ilikuwa kwenye rafu, ikitolewa kwa matone kutibu kikohozi na maumivu ya tumbo, na vijana wa Marekani wakiivuta kwenye sherehe ili wacheke na kupepesuka.

Jina la etha lenyewe lilikuja baadaye. Karibu na 1730, mkemia Mjerumani aliyekuwa London, August Sigmund Frobenius, aliwaandikia wanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya sayansi kuhusu roho ya mvinyo yenye asili ya etha. Alilichukua neno hilo kwa Wagiriki wa kale. Kwao, etha ilikuwa hewa safi ya juu kabisa, ng'ambo ya mawingu, wanayoivuta miungu. Aristotle aliifanya kuwa kitu cha tano, zaidi ya udongo, maji, hewa na moto, na akasema nyota zimeumbwa kwa hicho.

Mtu aliyewahi kuimwaga etha kiganjani ataelewa kwa nini Frobenius alifikiria mbingu. Inahisiwa baridi kali, kisha haipo. Kiganja kinabaki kikavu kana kwamba hakikuguswa.

Lakini Frobenius naye alikuwa na siri. Alilitangaza jina na maajabu ya kitu chenyewe, kanuni ya kukitengeneza akaibania. Ilichapishwa kamili mwaka 1741, alipokuwa ameshafariki. Kwa hiyo aliyeipa etha jina na aliyeinyang'anya jina, miaka mia moja na kitu baadaye, walikuwa na tabia moja.

Mvuke usiopanda

Kwa habari ya kupaa, jina lilikosea. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ukiachiwa mezani hauendi kwenye dari. Unateremka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kukusanyika kwenye pembe. Ukikutana na jiko, swichi au hata cheche ya nguo, moto unarudi mbio kwa njia ileile mvuke uliyopita, mpaka kwenye chupa.

Na unaanza kutoka mapema. Etha huchemka kwenye nyuzi joto 34.6, chini ya joto la mwili wa binadamu. Mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, chupa iliyosahauliwa karibu na dirisha lenye jua iko ukingoni mwa kuchemka. Nairobi, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kwa sababu ya mwinuko, haihitaji hata joto hilo.

Jina la pili, etha ya salfa, lilikuwa na kosa kubwa zaidi: ndani yake hamna salfa. Asidi ya salfa hutumika kuitengeneza, halafu inabaki nyuma. Wakemia waliligundua hilo kabla hata ya Morton kuzaliwa, lakini maduka hayakubadilisha vibandiko. Mwaka 1850, Mwingereza Alexander Williamson, aliyekuwa na jicho moja zima na mkono mmoja usiofanya kazi vizuri, ndiye aliyeonyesha umbo lake: vipande viwili vilivyo sawa vya kaboni na haidrojeni, vimeunganishwa na atomu moja ya oksijeni katikati. Kuanzia hapo, kila kitu chenye daraja la namna hiyo la oksijeni kikaitwa etha, na ile ya Cordus ikawa mmoja tu wa ukoo mkubwa.

Kuna na wengine wanaolivaa jina bila haki. Petroli etha, inayopatikana kwenye stoo nyingi za maabara, si etha hata kidogo. Ni sehemu nyepesi ya mafuta ya petroli iliyopewa jina hilo kwa kuwa nayo hukauka upesi. Kibandiko kilichochanika nusu, kikabakiza neno la mwisho tu, kinaweza kumpotosha mtu vibaya.

Ugomvi wa wanaume wanne

Turudi Boston, maana ugomvi ulikuwa haujaanza.

Hataza ya Morton ilitoka Novemba 12, 1846, siku tano baada ya kuitaja etha mbele ya madaktari. Namba yake ilikuwa 4848. Pembeni ya jina lake liliandikwa la Charles Jackson, mkemia aliyemfundisha na ambaye sasa alidai wazo lote lilikuwa lake. Horace Wells, yule aliyezomewa, naye alidai kwamba ndiye aliyeanza kuwaza kulaza wagonjwa kwa mvuke, na kwamba Morton, aliyewahi kuwa mshirika wake, alimwibia.

Kisha likajitokeza jina la nne kutoka kijijini. Crawford Long, daktari wa Jefferson, jimboni Georgia, alikuwa amemvutisha etha James Venable na kumtoa uvimbe shingoni Machi 30, 1842, miaka minne na nusu kabla ya Morton. Alimtoza dola mbili kwa etha na upasuaji pamoja. Hakutangaza mpaka 1849.

Nani basi mwenye haki? Wanaomtetea Morton husema uvumbuzi usiotangazwa haumwokoi mgonjwa yeyote nje ya kijiji kimoja. Yeye ndiye aliyethubutu mbele ya umma, na baada yake dunia nzima ikafuata. Wanaomtetea Long husema tarehe ni tarehe. Wa Jackson husema bila elimu yake ya kemia Morton asingejua achague chupa ipi.

Mwandishi wa makala haya anaona Morton alistahili sifa na hakustahili hataza. Kuthubutu kwake hakuna wa kukupinga. Ila alichotaka kuuza ni jina, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa chake. Bila Letheon na manukato yake, alikuwa mtu aliyegundua matumizi mapya ya bidhaa ya dukani. Mwaka 1862 mahakama mjini New York iliona hivyohivyo ikaifuta hataza.

Lakini upande wa pili usibezwe. Madaktari waliomshutumu kwa tamaa walikuwa wakitoza ada zao bila haya, na wao ndio waliojenga umaarufu juu ya dawa aliyowaletea. Bunge la Marekani lilijadili kumzawadia dola 100,000, likajadili tena, na halikulipa.

Mwisho wao haukuwa mzuri. Wells alijiua Januari 1848 akiwa mahabusu New York, akijikata mshipa baada ya kuvuta klorofomu. Morton alifariki New York mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 48, akiwa bado anapigania madai yake. Jackson alimalizia miaka yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa 1880. Long peke yake aliendelea na udaktari wake, na kifo kilimkuta kazini mwaka 1878.

Mnara wa etha ulijengwa Boston mwaka 1868 kwenye bustani ya umma ya jiji. Wajenzi hawakuandika jina la mvumbuzi. Mwandishi na daktari Oliver Wendell Holmes, ambaye Novemba 1846 alikuwa amemwandikia Morton kumpendekezea neno anesthesia kwa hali ya mtu aliyelazwa, alitania kwamba mnara huo ni wa etha, au wa yeyote kati yao. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa karibu sawa.

> Kanuni ya Frobenius ilichapishwa alipokuwa ameshafariki. Ya Morton ilitolewa kwa shinikizo la mguu wa msichana.

Siri ilipotoboka, haikuwa heri tupu. Kaskazini mwa Ireland, katika vitongoji vya Draperstown na Cookstown, wakulima walianza kuinywa etha badala ya wiski kwa kuwa ilikuwa nafuu na haikutozwa ushuru wa pombe. Ililewesha upesi na kuisha upesi, kwa hiyo mtu aliweza kulewa mara kadhaa kwa siku. Wasafiri waliandika kwamba siku ya soko harufu yake ilijaa mitaani. Karibu na 1890 serikali ya Uingereza iliiweka kwenye orodha ya sumu, ndipo biashara ikafifia.

Jina lililozaa majina

Kama umevaa shati la poliesta, au unakumbuka mifuko ya polithini iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, basi umelitumia jina la Frobenius bila kujua. Mwaka 1834 mkemia Justus von Liebig alichukua neno etha akaliunganisha na neno la Kigiriki la malighafi, akapata ethili. Humo zikatoka ethani, ethanoli, ethilini, na mwishowe polithini.

Etha ya wanafizikia, ile iliyodhaniwa kujaza anga na kubeba mwanga, ilipata pigo mwaka 1887 pale Albert Michelson na Edward Morley walipoitafuta Cleveland kwa vioo na mwanga wasiione. Jina halikufa. Mei 22, 1973, Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox huko California aliandika waraka akauita mtandao wake wa kompyuta Ethernet, akiikumbuka etha hiyo isiyoonekana. Waya unaochomekwa nyuma ya kompyuta za ofisini bado unaitwa hivyo. Mwaka 2015 wakaja watu wa sarafu za kidijitali, nao wakaiita yao etha. Anayetafuta bei ya etha mtandaoni leo ataletewa sarafu kwanza.

Waliobadili vazi

Hospitalini etha ya Morton imetoweka karibu kote, ila ukoo wake haujaondoka. Isoflurane, sevoflurane na desflurane, dawa kuu za kuvuta katika vyumba vya upasuaji vya leo, zote ni etha. Daraja la oksijeni la Williamson limo ndani ya kila mojawapo. Tofauti ni kwamba sehemu ya haidrojeni imeondolewa na kuwekwa florini, na florini ndiyo inayozifanya zisishike moto. Majina haya hayana hata herufi moja ya kumkumbusha mgonjwa babu yao. Ukisoma jina refu la kikemia la isoflurane katika maandishi madogo, neno la mwisho ni etha.

Na safari hii mvuke unapanda kweli. Mgonjwa hatumii dawa hizi mwilini ila kidogo sana. Karibu zote huzitoa kwa pumzi, mashine huzisukuma nje, zikabaki angani. Desflurane hunasa joto zaidi ya mara 2,500 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dayoksaidi, ikipimwa kwa miaka 100. Scotland iliacha kuinunua mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake ya kawaida kuanzia Januari 1, 2026, isipokuwa pale ambapo hakuna dawa nyingine ifaayo.

Wapo madaktari wanaoona kelele hizo zimezidi: moshi wa magari ya wagonjwa na umeme wa hospitali ni mwingi zaidi. Wenzao hujibu kwamba gari la wagonjwa huwezi kuliacha, ilhali sevoflurane ipo na hunasa joto kidogo sana kulinganisha. Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Afrika Mashariki mjadala huu unasikika kwa mbali. Desflurane huchemka kwenye nyuzi 23, inahitaji kifaa maalumu chenye umeme wa kuipasha kwa kipimo, na ni ghali.

Nusukaputi ya wilayani

Kwa Kiswahili kulazwa kwa upasuaji huitwa kupigwa nusukaputi, neno ambalo wengi hulihusisha na Wajerumani na kaputt yao. Ndani ya hiyo nusukaputi etha ilifanya kazi Afrika kwa muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha.

Ulaya iliiacha kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka 1956 ilianza kutumika halothane, dawa isiyowaka na yenye harufu nzuri. Vyumba vya upasuaji vilijaa vifaa vya umeme vya kuunguzia mishipa ya damu, na etha karibu na cheche, hasa ikichanganyika na oksijeni, hulipuka. Isitoshe, inachukua muda kumlaza mgonjwa, inamtoa mate mengi, na akizinduka hutapika.

Kwa hospitali ya misheni au ya wilaya, hesabu ilikuwa nyingine. Katika miaka ya 1950, Epstein na Macintosh wa Oxford walitengeneza chombo kilichokuja kujulikana kwa herufi EMO: bati la mviringo lenye maji pembeni ya kutuliza joto, na usukani wa kuongeza au kupunguza mvuke. Hakikutaka umeme wala mtungi wa oksijeni. Kilivuta hewa ya chumbani. Na etha, tofauti na halothane, huchochea pumzi badala ya kuizima na haishushi upesi shinikizo la damu. Mtumishi aliye peke yake usiku, akimhudumia mama wa kujifungua kwa upasuaji, alikuwa na nafasi ya kukosea kidogo bila mgonjwa kufa.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, etha ilikuwamo. Vitabu vya mafunzo ya hospitali za wilaya vya miaka ya 1980 viliipa kurasa nyingi. Baadaye viwanda vikapungua, kwa kuwa wanunuzi matajiri walikwisha kuondoka, na dawa ikakosekana kabla wale waliobaki nayo hawajaulizwa.

Pande mbili zilibishana, na hazikuwa na nguvu sawa. Mmoja ulisema hakuna sababu ya Mwafrika kulazwa kwa dawa iliyokataliwa London. Usalama wa moto ni usalama wa moto. Mwingine ulisema usalama wa nani, ikiwa dawa mpya inataka mashine, oksijeni na mtaalamu ambao hawapo? Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawana njia ya kupata upasuaji na usingizi ulio salama na wanaoumudu. Nadhani upande wa kwanza ulikuwa sahihi kuhusu etha, lakini ulinyamaza mapema mno kuhusu oksijeni na wataalamu.

Pengo limezibwa kwa kiasi kikubwa na ketamine, sindano isiyohitaji mashine. Nayo ilinusurika: mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiwekee udhibiti mkali kwa kuwa inatumika kama dawa ya kulevya, na Shirika la Afya Duniani likapinga, likisema nchi maskini zingebaki bila dawa ya usingizi. Etha haikupata mtetezi wa namna hiyo. Yenyewe imo katika Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa sababu hutumika kusafishia kokeni, na usafirishaji wake nje ya nchi hufuatiliwa.

Rafu ya maabara

Mahali ambapo mtu bado anaweza kuikuta ni maabara, kwenye chupa ya kahawia, na kazi yake huko si ya kupendeza. Ni ya choo.

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na minyoo au kichocho cha tumbo huleta sampuli. Mteknolojia huikoroga kwenye fomalini, huichuja, hutia mililita 3 za etha, huziba na kuitikisa kwa nguvu, akilegeza kifuniko mara kwa mara maana mvuke unasukuma. Kisha mashine inazungusha. Tyubu inatoka na tabaka nne: etha juu, chini yake kizibo cha mafuta na takataka za chakula, kisha fomalini safi, na kitakoni kabisa punje za mashapo. Kizibo hukatwa kwa kijiti pembeni, vya juu humwagwa, na mashapo huenda kwenye hadubini. Mayai ya minyoo yamo humo. Njia hii ilielezwa na Ridley na Hawgood mwaka 1956, ule mwaka wa halothane, na bado inafundishwa.

Wataalamu wa maabara wana hofu nyingine zaidi ya moto. Etha iliyofunguliwa hunywa oksijeni ya hewani taratibu na kutengeneza peroksaidi, ambazo chupa ikikauka zinaweza kulipuka kwa kutikiswa tu. Ndiyo maana kanuni ni kuandika kwenye kibandiko tarehe ya kufungua, na chupa kuukuu yenye chembechembe shingoni haishikwi, huitiwa wajuzi.

Kwa hiyo maabara nyingi zimehamia ethyl acetate, ambayo hutoa tabaka nne zilezile na kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wakemia wa Kijerumani wa zamani waliiita etha ya siki, na mwaka 1848 Leopold Gmelin alilifupisha jina hilo akapata esta, na humo ndimo ilimotoka poliesta. Huchemka kwenye nyuzi 77 na haina tabia ile ya kutengeneza peroksaidi, na kwa anayefanya kazi siku nzima kwenye chumba chenye dirisha moja, hizo ni sababu za kutosha.